Waziri Asiye na Chama: Hoja Juu ya Maisha ya Abdulrahman Babu

Ni ada ya watu kumsifu marehemu au kumlaani, maana kazi zote mbili ni nyepesi kuliko kazi ya kumpima. Abdulrahman Mohamed Babu, aliyezaliwa Unguja mwaka 1924 na kufariki London tarehe 5 Agosti 1996, amepata sifa nyingi na laana nyingi, lakini vipimo amepata vichache. Wako wamwitao mchochezi, mtu wa fikira za kigeni ambaye ingalikuwa heri kwa Unguja na Bara lau zisingalimjua. Wako pia, na hasa miongoni mwa vijana wetu wa Chuo Kikuu, wamwitao shujaa asiye na doa, ambaye laiti angalisikilizwa nchi hii isingalijua dhiki. Nakusudia kuwapinga wote wawili. Nasema kwamba Babu alikosa, lakini kosa lake silo lile analolaumiwa na adui zake. Tena nasema kwamba kosa hilo ndilo wapenzi wake wanalolirudia leo, kwa sababu hawajalitambua.

Swali lililonisukuma kushika kalamu halikutoka darasani. Lilitoka Tandika, katika wilaya ya Temeke, barazani kwa mzee mmoja jirani yangu ambaye sehemu kubwa ya umri wake aliitumia katika kiwanda cha nguo cha Urafiki. Jioni moja alinikuta nimeshika kitabu cha Babu, akaniuliza ni cha nani. Nikamweleza kwa urefu, kama ilivyo desturi mbaya ya walimu: habari za Mapinduzi, habari za China, habari za kufungwa. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, “Mwalimu, huyo bwana alikuwa wa chama gani?”

Nikamjibu kwamba alikuwa waziri.

“Mimi sikukuuliza kazi yake,” akasema. “Nimekuuliza chama chake. Watu wake walikuwa akina nani?”

Shahada ya udaktari ninayo, lakini jibu la swali hilo sikuwa nalo. Nilirudi nyumbani nikiona haya, nikaanza kusoma upya.

Jibu lipo, ila ni chungu. Babu hakuwa mtu wa maneno matupu asiyejua kupanga watu. Alikwenda Uingereza mwaka 1951, akasoma na kuingia katika siasa za mrengo wa kushoto, na aliporejea Unguja mwaka 1957 akawa Katibu Mkuu wa Zanzibar Nationalist Party, ambacho watu walikiita Hizbu. Chama hicho alikipa mpango na nidhamu, akakijengea nguvu miongoni mwa vijana na wafanyakazi. Mwaka 1962 Waingereza walimshtaki kwa uchochezi wakamfunga. Alipotoka mwaka 1963 aliona kwamba wakubwa wa Hizbu walitaka bendera zaidi ya kutaka kubadili hali ya mnyonge, akajitenga nao. Kabla mwaka huo haujakwisha alikuwa ameanzisha chama kingine, Umma, ambacho kilikusanya vijana na wafanyakazi pasipo kuuliza mtu ni Mwarabu, Mshirazi au Mwafrika. Katika Unguja ya siku zile, ambako siasa ilikuwa imekwisha kugawanywa kwa damu na ukoo, hilo halikuwa jambo dogo.

Serikali ilikipiga chama cha Umma marufuku mapema Januari 1964, na Babu akavuka bahari kuja Dar es Salaam. Siku chache baadaye, tarehe 12 Januari, Mapinduzi yakatokea. Babu akarudi akawa Waziri wa Mambo ya Nje wa Jamhuri mpya, na vijana wa Umma, ambao baadhi yao walikuwa wamefunzwa Cuba, wakawa miongoni mwa watu walioshika kazi za serikali na jeshi. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo wasifu wake wengi hulipita mbio. Mwezi Machi 1964 chama cha Umma kilivunjwa na kuunganishwa na Afro-Shirazi. Wakati huu si mkoloni aliyekivunja, wala si Sultani. Viongozi wake wenyewe ndio waliokubali kukivunja, na Babu ndiye aliyekuwa mkubwa wao.

Najua hoja ya kumtetea. Yasemwa kwamba nchi ilikuwa changa, adui walikuwa wengi, na umoja ulikuwa lazima. Kweli, umoja ni nguvu. Lakini tutazame nguvu hiyo ilimwendea nani. Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana, na Babu wakati huo alikuwa safarini ng'ambo. Baadaye akaletwa Bara, akapewa wizara, kisha wizara nyingine: biashara, ardhi, afya, mipango ya uchumi. Katika miaka yote hiyo hakuna jimbo lililomchagua, maana wabunge wa Unguja waliteuliwa tu. Chama chake kilikuwa kimekwisha. Katika chama alichoingia alikuwa mtu wa kutiliwa shaka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nasi twaweza kusema Babu alipewa jembe akalima kwa bidii na akili, lakini shamba halikuwa lake, na mwenye shamba angeweza kumtoa saa yoyote apendayo.

Kwamba alilima kwa bidii sina shaka. Mimi hupanda daladala Temeke kwenda Mlimani, na njiani huiona kazi ya kizazi chake. Penye makutano ya Barabara ya Nyerere na Barabara ya Mandela, upande wa Temeke, lipo jengo kubwa la stesheni ya TAZARA, mwanzo wa reli ya kilometa 1,860 iendayo Kapiri Mposhi nchini Zambia. Mbele, katika Barabara ya Morogoro karibu na Ubungo, mahali palipokuwa sehemu ya wilaya ya Kinondoni, kipo kiwanda cha Urafiki kilichofunguliwa mwaka 1968. Vyote viwili vilijengwa kwa mikopo ya China isiyo na riba. Babu alikuwa amekwisha kwenda China kabla Zanzibar haijapata uhuru, na alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa nchi zetu kufungua njia ya urafiki huo. Simpi yeye peke yake sifa ya reli wala ya kiwanda, maana kazi hizo zilikuwa za serikali nzima, na amri ya mwisho ilikuwa ya Rais Nyerere. Lakini nasema kwamba katika mlango ule wa China mkono wake ulikuwapo.

Basi na tutazame tarehe. Reli hiyo ilikabidhiwa mwezi Julai 1976. Siku hiyo ya sherehe Babu alikuwa katika mwaka wa 5 wa kizuizi. Aliondolewa katika baraza la mawaziri Februari 1972. Tarehe 7 Aprili mwaka huo Rais Karume aliuawa Unguja, na kwa kuwa baadhi ya walioshukiwa walikuwa wanachama wa zamani wa Umma, Babu alikamatwa Dar es Salaam. Unguja ilimshtaki kwa uhaini pasipo yeye kuwapo, na mwaka 1974 ikamhukumu kifo. Serikali ya Muungano ilikataa kumpeleka huko, na kwa kukataa huko iliyaokoa maisha yake. Lakini haikumfikisha mbele ya hakimu yeyote wa Bara, wala haikumwachia mpaka mwaka 1978. Miaka 6 alikaa ndani kwa sahihi ya mtu mmoja.

Wapenzi wa Babu hufika hapa wakalia. Mimi siwazuii kulia, ila nawaomba wafute machozi kidogo wasome sheria iliyomfunga. Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ilipitishwa na Bunge la Tanganyika mwaka 1962, mwaka ule ule ambao Babu alikuwa katika gereza la Waingereza Unguja. Mkoloni alimshtaki, akamsomea kosa lake, akamhesabia miezi yake. Serikali huru ilijitwalia uwezo wa kumweka mtu ndani pasipo shtaka na pasipo hesabu. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya Babu. Ilikuwapo alipoingia katika baraza la mawaziri, ikawapo miaka yote alipokaa humo, na wengine wakapita katika mlango wake kabla yake.

Nani walipita? Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa na kuwekwa kizuizini. Shirikisho lao, TFL, likavunjwa, na mahali pake ikaundwa NUTA, ambayo Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Babu alipofika Bara alikuta jambo hilo limekwisha tendeka, akaingia katika nyumba iliyojengwa juu yake. Mwaka 1965 nchi ikafanywa kisheria kuwa ya chama kimoja Bara na kimoja Visiwani. Babu alikuwa waziri. Mwaka 1969 Abdulla Kassim Hanga, aliyekuwa mwenzake katika serikali ya kwanza ya Mapinduzi, alipelekwa Unguja pamoja na Othman Shariff, na hawakurudi tena. Babu alikuwa waziri. Mwaka 1970 chama cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto hapa Mlimani, USARF, kilipigwa marufuku pamoja na jarida lake la Cheche. Babu alikuwa waziri. Hakujiuzulu kwa ajili ya wafanyakazi, wala kwa ajili ya Hanga, wala kwa ajili ya wanafunzi waliokuwa wakizisoma fikira zile zile alizoziamini yeye.

Hilo ndilo kosa lake. Adui zake humlaumu kwa ukali, nami nasema ukali wake haukutosha mahali ulipotakiwa. Aliamini kwamba ujamaa hujengwa kwa kushika ofisi, kwamba mtu mwenye fikira sahihi akiwa ndani ya serikali ataivuta serikali upande wake. Kwa imani hiyo alikitoa chama chake, akabaki na hoja peke yake. Na hoja isiyo na watu nyuma yake, hata iwe sahihi namna gani, hutegemea hisani ya anayesikiliza.

Atasema mtu: “Je, angefanya nini? Kila aliyepinga aliangamia.” Hoja hii ina uzito, wala sitaki kuidharau nikiwa nimeketi salama mezani pangu. Lakini tuvuke mpaka tutazame Kenya. Mwezi Aprili 1966 Jaramogi Oginga Odinga, naye mtu wa mrengo wa kushoto, alijiuzulu umakamu wa Rais, akaanzisha chama cha KPU pamoja na Bildad Kaggia, yule aliyekwisha gombana na wenzake kwa ajili ya ardhi ya maskini. Je, walipona? Hawakupona. Mwaka 1969 KPU kilipigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini. Kwa hiyo Odinga aliyetoka na Babu aliyebaki walifika pamoja penye mlango wa gereza. Tofauti yao ni kwamba mmoja alipofika alikuwa na watu waliojua kwa nini yumo ndani, na alipotoka aliwakuta wakimngojea. Mwingine alifika akiwa waziri aliyeachishwa kazi, na wafanyakazi wa Dar es Salaam, aliowatakia mema kwa moyo wake wote, hawakuwa na chombo cha kuulizia habari zake, hata kama wangalitaka kuuliza.

Wala si kwamba wafanyakazi hao walikuwa wamelala. TANU ilipotoa Mwongozo mwezi Februari 1971, ukawakataza viongozi kibri na ubwana, wafanyakazi wa viwanda vya mji huu waliushika neno kwa neno. Waligoma, wakawafungia nje mameneja waliowatukana, na baadhi yao wakadiriki kukitwaa kiwanda na kukiendesha. Mambo hayo yaliendelea hadi 1973. Hiyo ndiyo saa ambayo mjamaa wa kweli huiomba maisha yake yote. Saa ilipofika, vyama huru vya wafanyakazi vilikuwa vimevunjwa, wanafunzi walikuwa wamenyamazishwa, Umma ulikuwa umesahaulika, na Babu alikuwa kwanza serikalini, kisha kizuizini. Migomo ile ikazimwa mmoja mmoja.

Sasa nije kwa kitabu chake. Kilichapwa London mwaka 1981, kwa Kiingereza, na jina lake lina swali: je, tunataka ujamaa wa Kiafrika, au Afrika ya kijamaa? Humo Babu asema kwamba uchumi tuliourithi uliundwa kulisha viwanda vya wengine: twalima tusichokula, twanunua tusichotengeneza. Kutaifisha mabenki na mashamba, kama ilivyofanywa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, hakuubadilishi uchumi huo ikiwa kazi yake yabaki ile ile, kupeleka mazao nje na kungojea bei ya mgeni. Yafaa nguvu ya nchi iwekwe kwanza katika chakula, mavazi na nyumba za watu wake, na katika viwanda vya kutengeneza vyombo vya kazi. Ni hoja nzito, na asiyeikubali anao wajibu wa kuijibu. Jirani yangu wa Tandika angeielewa upesi kuliko wengi wetu, maana yeye alisokota pamba ya nchi hii ikawa kanga ya nchi hii, kisha akaishi kuona, katika miaka ya 1990, kiwanda chao kikigeuzwa kuwa cha ubia, na pamba nyingi ya wakulima ikiendelea kuvuka bahari kama ilivyovuka zamani za Wajerumani.

Lakini somo la pili la maisha ya Babu halimo katika hesabu za uchumi. Baada ya kufunguliwa alikwenda Marekani kufundisha, kisha akakaa London, na katika miaka yake ya mwisho alizitetea haki za binadamu na uhuru wa vyama vingi kwa sauti ambayo hakuitoa alipokuwa waziri. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, naye akarudi katika siasa za nchi upande wa upinzani, akawa pamoja na NCCR-Mageuzi katika uchaguzi wa mwaka 1995. Alikuwa na umri wa miaka 71, na mwaka uliofuata akafa. Gereza lilikuwa limemfundisha kwamba mkate na sheria haviachani: asiyeilinda haki ya mpinzani wake kupanga watu na kusema, siku moja atakosa haki hiyo yeye mwenyewe. Somo hilo alilipata kwa bei kubwa. Dhambi yetu sisi ni kwamba tumepewa bure na hatulitaki.

Tazameni mambo yetu. Vijana wa Mlimani huvaa fulana zenye sura za wanamapinduzi, hukutana kusoma vitabu vyao kwa Kiingereza, hugombana kwa ustadi juu ya tabaka na ubeberu. Mara nyingi nimeketi nao na nimefurahi. Lakini waulizeni wanangojea nini. Wengi wangojea kiongozi mwema atakayewaita Ikulu awape kazi ya kuandika mipango. Ni ndoto ile ile ya Machi 1964: kwamba mwenye akili akipata kiti, mengine yatafuata. Mpinzani wasiyempenda akinyimwa mkutano au gazeti, wananyamaza, maana yule si wa upande wao. Nasi walimu ni wabaya zaidi, maana tunajua historia hii na bado tumeigeuza kuwa mada ya semina. Sisi wa Kiswahili tumezipima mizani za mashairi ya karne zilizopita, nalo ni jambo jema. Lakini mabishano makubwa ya kisiasa ya nchi yetu tumeyaachia lugha ambayo mama muuza samaki wa Temeke haisomi, kisha twashangaa kwamba watu hawatufuati.

Sitaki kusikia kwamba watu wa Manzese, Tandale na Mbagala hawana hamu ya mambo haya. Wana vyama vya kuzikana, wana vikundi vya kuweka akiba, wana umoja wa waendesha bodaboda wenye katibu na daftari la wanachama. Wanajua kupanga kuliko sisi. Anayetaka ujamaa na aanze huko, si kama mhubiri bali kama mwanachama mwenye kulipa ada, na chama atakachokijenga nao asikubali kukivunja kwa ahadi ya kiti. Na siku jirani yake wa chama kingine atakapokamatwa pasipo shtaka, aseme siku hiyo hiyo, asingoje mpaka zamu yake ifike.

Nilirudi barazani kwa mzee wangu kumpa jibu. “Alikuwa na chama,” nikamwambia. “Alikijenga mwenyewe, kisha akakubali kivunjwe, akaingia serikalini.”

Mzee alifikiri kidogo. “Basi alipofungwa,” akasema, “sisi tungalijuaje kwamba ni mtu wetu?”

Yeyote amsifuye Babu na amjibu mzee huyo kwanza. Na mwenye kuona kwamba nimemdhulumu marehemu aandike hoja yake katika kurasa hizi, aiandike kwa Kiswahili, nami nitaipeleka Tandika isomwe.